Fundi wa Paa Katika Somo la Moyo

Madaftari yangu yalikuwa mazuri kuliko ya mtu yeyote katika darasa letu. Sijisifu. Nataka tu ieleweke, maana uzuri huo ndio ulioniponza. Nilikuwa nimeyafunika kwa karatasi ya mfuko wa simenti, upande safi ukiwa nje, na kingo nimezikunja kwa ukucha mpaka zikalala. Vichwa vya masomo niliviandika kwa biki nyekundu, maneno mengine kwa biki ya buluu, na chini ya kila kichwa nilipiga mstari kwa rula. Nikikosea herufi moja, nilichana ukurasa mzima na kuanza upya.

Mimi ni mtu wa kuandika polepole. Tangu utotoni mkono wangu uko hivyo: herufi moja lazima imalizike kabisa ndipo nyingine ianze. Zamani haikuwa aibu. Kule Mitwaba, nilikosomea shule ya msingi, mwalimu alikuwa akikusanya madaftari kila mwisho wa mwezi na kutoa alama za usafi. Nilikuwa mtoto asiyenyoosha kidole, hata jibu likiwa tayari mdomoni. Katika hesabu nilipata tano, katika Kifaransa sita, lakini katika usafi nilipata kumi juu ya kumi. Sikuijua njia nyingine ya kupendwa na shule.

Niliacha baada ya darasa la sita. Hakuna kisa kirefu: wadogo zangu walikuwa wengi, sekondari ilikuwa mbali, na mwaka mmoja wa kungoja ulizaa wa pili. Baadaye nilitumwa Lubumbashi kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, anayeuza samaki wakavu kutoka Pweto. Kazi yangu ilikuwa kuchambua: wakubwa huku, wadogo kule, waliovunjika vichwa kwenye beseni lao peke yao. Nilichambua samaki miaka mitano. Nilipofikisha miaka kumi na tisa, parokia yetu ikafungua darasa la alasiri kwa watu waliokatiza masomo, la kuanzia mwaka wa kwanza wa sekondari. Tangazo lilisomwa baada ya misa. Mimi nilijifanya sikulisikia. Mama mkubwa alilisikia.

"Wende," aliniambia njiani. "Asubuhi samaki, apremidi masomo. Unaniangalia vile juu ya nini? Samaki haiwezi kukusomea."

Mwalimu alitupokea kwa sharti moja. Muhula wa kwanza ulikuwa wa majaribio. Mwisho wake kila mmoja angesimama mbele ya ubao bila daftari na kueleza somo moja atakalopangiwa. Atakayeshindwa angerudi kwenye kundi la marudio, lililokuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, ambako watu wazima walijifunza kusoma upya. Tuliwasikia wakiimba silabi. Sikuwadharau. Lakini nilijijua: nikirudishwa huko, wiki ya kwanza ningesema samaki wamekuwa wengi, wiki ya pili ningesema nina homa, na ya tatu nisingesema kitu. Ningekaa sokoni, na shule ingekuwa imeniacha mara mbili.

Masomo yalikuwa kwa Kifaransa. Mwalimu aliandika ubaoni kutoka juu mpaka chini, sisi tukanakili. Kifaransa changu kilikuwa cha darasa la sita: nilikisoma kwa sauti vizuri, nilikiandika bila makosa mengi, ila maana ilichelewa kufika, na mara nyingi haikufika kabisa. Mwalimu alipomaliza kuujaza ubao aligeuka, akashika kitambaa na kuuliza, "Mulimaliza?" Wenye simu nzuri walikuwa wamekwisha kuupiga picha. Mimi nilikuwa bado mstari wa nne. Nilijua neno la kusema. Ni neno fupi, "Ngoja," na sikuwahi kulitoa.

Aliyelitoa kwa niaba yangu alikuwa mwenzangu wa benchi, mama wa watoto wanne, mwenye umri kama wa mama yangu na sauti ya kuita mtu aliye barabara ya pili.

"Mwalimu, usifute! Huyu mutoto eko naandika kama eko napamba keki ya ndoa!"

Darasa lilicheka, na mimi nikazidi kuinama. Mwalimu alingoja kidogo, kisha akafuta. Basi kila Ijumaa mama huyo alinisukumia daftari lake mezani.

"Chukua. Siku ya kwanza ya wiki urudishe. Na usinicheke, mu ile kaye muko maisha yangu yote."

Kweli, kaye yake ilikuwa daftari moja tu kwa masomo yote na kwa nyumba yake pia. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku wamepita kwenye majivu. Nilinakili Jumamosi baada ya soko na Jumapili baada ya misa, mstari kwa mstari. Sasa naona nilikuwa napumzika humo. Mkono ulitembea, macho yaliufuata, na kichwa kilibaki kimetulia kama maji ya kisima. Nikimaliza nilipiga mistari yangu, nikafunga daftari, nikahisi nimesoma. Sikulifungua tena, isipokuwa kuliangalia lilivyo zuri.

Wiki tatu kabla ya muhula kwisha, Mwalimu alikusanya madaftari. Aliyapitia mbele yetu, moja baada ya jingine, akitikisa kichwa. Alipofika kwenye langu alisimama.

"Muone," alisema, akiliinua juu. "Hivi njo daftari."

Masikio yangu yakawaka moto wa furaha. Akalifungua kwenye somo la moyo na kuanza kusoma kwa sauti ili wote wasikie mfano mwema. Alisoma kwamba moyo ni msuli wenye uwazi ndani. Alisoma kwamba unasukuma damu kwenye mishipa. Kisha, kwa sauti ile ile ya Kifaransa cha darasani, akasoma:

"Kesho asubuhi, mahindi ku mashine. Makala ya kupikia, mifuko mbili. Kuita fundi wa paa, mvua inakuya."

Akausogeza ukurasa karibu na macho. Fundi wa paa alikuwa kwenye mstari wake mwenyewe, kwa biki nyekundu, na chini yake nilikuwa nimepiga mstari kwa rula.

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. Mwenzangu wa benchi alishika kifua.

"Kumbe njo vile! Mi nangoja fundi wiki mbili, nyumba inavuja, kumbe alienda kwako!"

Mwalimu hakucheka. Alizidi kufungua kurasa. Katika ukingo wa nyingi kulikuwa na neno moja, nimeliandika vizuri kwa buluu: kuuliza.

"Na hii 'kuuliza'," alisema. "Uliuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Lilikuwa neno la mwenzangu. Aliliweka popote ambapo hakuelewa, na baada ya darasa alimfuata Mwalimu mpaka mlangoni, akamkamata shati. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kila siku, na nimelinakili neno lake mara saba, bila kujua ni la nini.

Wengine walipotoka, Mwalimu aliniambia nibaki. Alikuwa mtu wa maneno machache, mfuko wa suruali yake daima mweupe kwa chaki.

"Mu ile somo ya moyo, ulisoma nini?"

"Niliandika yote, Mwalimu."

"Sikuuliza uliandika nini."

Nilianza kukusanya biki zangu.

"Siku ya mwisho utanielezea ile ile," alisema. "Moyo. Uko na wiki tatu. Kila siku soma kipande moja tu, ya kidogo. Funga kitabu. Tafuta muntu hakukuwa mu darasa, umuelezee na luga anasikia. Kisha ndio uandike, na uandike mpaka ile ulisahau."

"Na biki nyekundu?" nikauliza.

Lilikuwa swali la kijinga, na lilikuwa swali la kwanza nililowahi kumuuliza. Alilifikiria kama vile si la kijinga.

"Nyekundu uwekee mambo haujue."

Alinikopesha kitabu kimoja cha zamani kisicho na jalada. Kesho yake asubuhi, sokoni, samaki wakiwa wamekwisha kupangwa, nilisoma kipande cha kwanza, nikakifunga kitabu, nikamgeukia mama mkubwa na kukariri Kifaransa chote kwa pumzi moja.

Alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha katoni. Alisimamisha mkono.

"Unasali ao unafanya nini?"

"Ni masomo, mama."

"Basi, padri ashuke ku altari, aongee na bantu."

Nilijaribu tena, kwa Kiswahili. Nikasema moyo ni nyama ya nguvu, na ndani yake kuna nafasi. Nikakwama. Ndani kuna nafasi ya nini? Inajibana, nikasema, halafu inaachia, na ikijibana damu inatoka.

"Kama pompe ya pale parsele," alisema mama mkubwa. Katika uwanja wetu kuna pampu ya mkono ambayo nyumba sita tunachotea maji.

"Ndiyo. Kama pompe."

"Sasa juu ya nini hukusema pompe tangu mwanzo?" Akarudi kwa nzi wake, halafu akageuka tena. "Na ile damu ikishafika ku miguu, inarudi na njia gani? Ile ile?"

Sikujua. Nililifungua daftari langu zuri, na jibu lilikuwamo, ukurasa wa pili, kwa mwandiko wangu: mishipa ya kwenda ni mingine na ya kurudi ni mingine. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisoma.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Kila asubuhi kipande kimoja, na kila kipande kilitoka kwa mama mkubwa kikiwa na swali. Kusoma kwangu kukabadilika. Zamani niliingia kwenye ukurasa kama mtu anayefagia, kutoka ukuta huu mpaka ule. Sasa niliingia nikitafuta kitu, kwa sababu kuna mtu alikuwa anakingoja. Baada ya siku chache mikono yangu ikaitambua kazi hiyo. Ilikuwa kuchambua. Sentensi hii kubwa, iweke huku. Hii ni ndogo, inaifuata ile. Hii imevunjika kichwa, siielewi, ipeleke kwenye beseni lake.

Hata uzito wa mkono wangu ukawa na faida. Mtu anayeandika haraka anaweza kuandika chochote. Mimi kila neno linanigharimu, basi ikabidi nichague. Kwa somo zima nilibaki na maneno manne au matano ya buluu, na kando yake maswali mekundu. Nilichora vishale. Nilikata maneno bila kuchana ukurasa. Siku ya kwanza nilijiona kama vile natukana kanisani. Magamba ya samaki yalinasa kati ya kurasa na kuacha madoa ya mafuta. Mama yangu angeliona daftari lile angeuliza ni la nani.

Swali moja lilikataa kutoka. Miezi kadhaa nyuma mama mkubwa alipimwa kwenye kituo cha afya, akaambiwa tansio, yaani shinikizo la damu, iko juu, akapewa vidonge. Alikunywa nusu, akaacha.

"Balinifunga mukono," aliniambia. "Balisema ni ugonjwa ya moyo. Juu ya nini banafunga mukono kama moyo iko mu kifua? Mukono hainiume. Mi niliona ile muntu hajue kazi yake."

Nilitafuta kwenye kitabu chote. Hakikusema. Nililiandika kwa nyekundu: kwa nini mkono? Nilimwonyesha mwenzangu wa benchi.

"Uliza Mwalimu," alisema. "Eko pale. Hana meno ya simba."

Siku tatu niliingia darasani na swali hilo, na siku tatu nilitoka nalo. Mara moja nilinyanyua mkono mpaka usawa wa sikio, kisha nikajikuna.

Siku ya mwisho ikafika. Mwenzangu wa benchi aliitwa kabla yangu. Alieleza somo la udongo kwa makelele na utani, akapita. Kisha jina langu. Nilimwachia Mwalimu daftari mezani kwake, nikachukua chaki, nikachora moyo. Mchoro ulitoka vizuri, na kwa dakika moja nilitamani ningeruhusiwa kuishia hapo.

Nilisema sentensi mbili za Kifaransa. Ya tatu haikuja. Nilimwangalia Mwalimu.

"Endelea," alisema. "Na luga uko nayo."

Nikaeleza kama sokoni. Pampu. Mabomba ya kwenda, mabomba ya kurudi. Damu iliyochoka inapita kwanza kwenye mapafu kuchukua hewa, ndipo isukumwe tena. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilitembea. Nilidhani nimemaliza.

"Na milango ya mu moyo?" Mwalimu akauliza. "Kazi yake?"

Milango. Niliiona kwenye ukurasa, chini upande wa kushoto, hata doa la mafuta lililokuwa karibu nayo nililiona. Maneno yenyewe sikuyaona. Kupitia ukuta wa mbao nikasikia lile kundi la marudio: ma, me, mi. Nilijua ninachofanya siku zote wakati kama huo. Ninanyamaza mpaka watu wachoke, kisha ninakaa.

"Hiyo sikumbuki, Mwalimu," nikasema. "Nilisoma. Lakini mama mkubwa hakuniuliza, ndiyo maana nimesahau."

Walicheka, na safari hii kicheko hakikuniinamisha. Na kwa sababu mdomo ulikuwa tayari wazi, nikaendelea kabla haujafungwa.

"Lakini niko na swali. Kama ugonjwa uko moyoni, kwa nini wanapima mkono?"

Mwalimu aliweka kitambaa chini. Aliwauliza wengine kama kuna anayejua. Hakuna. Basi akakunja mkono wa shati lake na kutuonyesha juu kidogo ya kiwiko. Mshipa mkubwa unapita hapa, alisema, karibu na ngozi, na mkono ukiulaza mezani uko usawa mmoja na moyo. Ukiubana na kuuachia polepole, unajua moyo unasukuma kwa nguvu gani.

Nikaiona pampu yetu uwanjani. Mtu akiweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, anahisi nguvu ya yule anayesukuma, hata asimwone. Na nikaona kitu kingine: mwaka jana pampu iliharibika, tukawa tunasukuma na maji yanarudi chini. Fundi aliifungua, akatuonyesha kipande cha mpira kilichochoka.

"Ni mpira," nikasema.

"Nini?"

"Milango ya moyo. Ni kama ule mpira wa ndani ya pampu. Damu ikishasukumwa, inafunga, damu isirudi nyuma."

Mwalimu alikaa, akalivuta daftari langu, akafungua kurasa moja moja. Kutoka niliposimama nilisikia harufu ya samaki. Aliandika kitu, akanirudishia.

"Unabaki. Mwingine akuye."

Nililifungua nilipofika kwenye benchi. Maelezo: saba juu ya kumi. Usafi: nne.

Sikukimbia kwenda sokoni, ila sikukumbuka nimepita njia gani. Mama mkubwa hakuniuliza kama nimepita. Aliniuliza, "Na mukono?"

Nilimwelezea palepale, mkono wake mwenyewe ukiwa juu ya meza kati ya samaki, kidole changu kwenye mshipa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaushusha ule mkono taratibu.

"Kumbe yule muntu alijua kazi yake," alisema. Halafu: "Balikuacha mu darasa?"

"Waliniacha. Ila usafi nilipata nne."

"Ine! Weye?" Alicheka mpaka akashika meza. Wiki iliyofuata alirudi kwenye kituo cha afya, akafungwa mkono bila ugomvi.

Muhula wa pili umeanza. Juzi mwenzangu wa benchi alirudi baada ya kukosa masomo ya wiki nzima. Alikuwa kwenye matanga ya shemeji yake. Alinyoosha mkono.

"Nipatie-ko ile kaye yako. Leo ni zamu yangu ya kukopie."

Nilisita. Nililifungua mbele yake: maneno sita ya buluu, vishale, maswali mekundu, gamba moja la samaki. Alilifungua upande huu, akaligeuza upande ule.

"Na masomo iko fasi gani?"

"Hakuna ya kunakili," nikasema. "Kaa, nikueleze."

Akafunga biki yake, akaegemea ukuta wa mbao na kukunja mikono.

"Haya, anza. Lakini fanya upesi, fundi wa paa eko nangoja."